Maziwa Yaliyopimwa kwa Sauti

Uvumi ulimkuta Lois Boersma katika ukumbi wa chini ya kanisa, baada ya ibada ya asubuhi, mkono mmoja ameshika kikombe cha kahawa na mkono wa pili kipande cha keki ya lozi. Aliyeuleta alikuwa Geneva Pruim, mwanamke ambaye habari ikiingia nyumbani kwake haipati hata nafasi ya kukaa.

"Lois, umesikia ya Grand Rapids?"

"Sijasikia. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Bado. Mkwe wangu si muuguzi kule hospitali kubwa, wodi ya watoto njiti? Anasema kuna vitoto vinatundikiwa yale maziwa ya kiwandani kwetu, mara pumzi zinawapanda. Wauguzi wameanza kunong'onezana."

"Watoto njiti pumzi huwasumbua siku zote," Lois alisema.

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema hizi ni za namna nyingine. Mimi nakuambia wewe kwa sababu mwanao Trudy ndiye mpimaji wa maziwa hayo. Muulize." Geneva alikunywa funda moja, akakunja uso. "Na kahawa hii nani kaipika leo? Ukiipeleka kwenye mashine ya Trudy utaambiwa ni maji yaliyopita karibu na kahawa."

Wanawake walicheka. Lois naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha meno tu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi ule ulimganda Lois kama kupe. Alirudi nao nyumbani ndani ya gari, akaketi nao mezani, akaosha nao vyombo. Wengine waliousikia waliuacha palepale ukumbini pamoja na vikombe vichafu. Yeye hakuweza. Katika ukumbi ule mzima, ni yeye peke yake aliyejua kwamba wiki chache nyuma alikuwa amepiga simu.

Kiwanda cha mji wao mdogo, upande ule wa Michigan unaopokea theluji ya ziwani, kilitengeneza dawa za namna nyingi. Iliyojulikana zaidi ni ile ambayo wafanyakazi waliiita maziwa ya mishipa. Hayakuwa maziwa ya ng'ombe. Yalikuwa mafuta ya soya yaliyosagwa ndani ya maji kwa nguvu kubwa mpaka yakawa vitone vidogo visivyoonekana, kila kimoja kikavikwa utando uliotokana na kiini cha yai ili visirudiane. Mtoto aliyewahi kuja duniani kabla ya siku zake, ambaye tumbo lake halijajua kazi, hulishwa maziwa hayo polepole kupitia mshipa. Vitone vikibaki mbalimbali, ni uhai. Vikishikana na kukua, huenda kuziba vijia vyembamba vya mapafu.

Kazi ya Trudy, binti pekee wa Lois, ilikuwa kuhakikisha havijashikana. Alitumia mashine ya sauti. Lilikuwa kopo la chuma lenye vigae viwili vinavyotazamana: kimoja hutoa sauti, kingine huipokea. Sauti yenyewe ni ya juu mno, sikio la mtu haliipati, ndugu ya ile wanayopimiwa wajawazito. Ikipita katika maziwa yaliyo salama hufika ng'ambo kwa namna inayojulikana. Ikikuta mafundo, humezwa njiani. Na faida yake kubwa ni kwamba huyapima maziwa yakiwa mazito vilevile, jinsi yatakavyomwingia mtoto. Mashine ya zamani, ya mwanga, haiwezi hilo. Mwanga haupenyi weupe ule, kwa hiyo huna budi kuchukua tone moja na kulikoroga kwanza katika maji mengi safi.

Trudy aliipenda kazi ile, na Lois aliipenda zaidi kuliko Trudy. Alikuwa na sababu. Miaka michache nyuma binti huyo alikwenda chuo kikuu Chicago akiwa anachanua kama ua, akarudi amenyauka. Majira yote ya baridi alilala chumbani, akalia. Hakuwa analia kwa kelele. Kilikuwa kilio cha chini, kama bomba linalovuja ukutani. Lois alisimama nje ya mlango ule mpaka miguu ikafa ganzi, trei ya chakula mkononi, asijue abishe au asibishe. Hatimaye Trudy alipona. Harold Zylstra, mkuu wa maabara ya kiwanda na mzee wa kanisa lao, ndiye aliyempa kazi. Tangu hapo Lois alimbeba binti yake kama mtu anayevuka barafu na yai kiganjani.

Mwezi wa pili wa mwaka, wiki chache kabla ya uvumi ule, jioni moja theluji ikimwagika, mama na binti walikuwa wakinywa supu nzito ya njegere. Trudy alikuwa amemaliza bakuli la kwanza, anachota la pili.

"Mama, sauti inakufa."

"Sauti gani tena?"

"Kwenye maziwa. Tangu juzi. Naipeleka huku, inafika kule imechoka. Vitone vimeshikana."

"Mzee Zylstra anasemaje?"

"Anasema ni mapovu ya hewa. Na kweli mapovu hula sauti, hajasema uongo. Lakini nimeyavuta mapovu yote, nikaacha maziwa yakatulia, nikapima tena. Ni yale yale. Sasa yeye akachukua tone, akalitia majini, akakoroga, akaweka kwenye mashine yake ya mwanga. Vitone vikaonekana vidogo, kila kimoja peke yake. Akaniambia, 'Umeona?'"

"Si basi, mwanangu? Kaona kwa macho."

Trudy aliweka kijiko chini. "Chukulia akina Mama Geneva wamejikusanya nyuma ya kanisa wanasengenya. Mchungaji anataka kujua kama kuna mkutano. Anatoka na ndoo ya maji, anawamwagia, wanatawanyika. Halafu ndipo anaanza kuhesabu. Atakuta nini?"

Lois aliangua kicheko. "Atakuta kila mmoja yuko peke yake, anasoma Zaburi."

"Ndivyo anavyofanya Mzee Zylstra. Maji yake ndiyo yanayovitawanya. Kisha anasema hapakuwa na mkutano." Trudy hakuwa anatania tena. "Jumatatu mzigo unatoka. Ni lazima tukubali wawili, yeye na mimi. Nitamwomba auzuie tupime upya. Akikataa, jina langu sitoi. Akinilazimisha, naacha kazi."

Lois alikuwa amesikia kila neno, lakini lililobaki ndani yake lilikuwa moja: naacha kazi. Vitone, watoto, mapafu, vyote vilimpita kama upepo juu ya paa. Alichokiona ni ule mlango uliofungwa, na bomba lile linalovuja ukutani.

"Usijisumbue sana," alisema. "Wewe huwa unafikiri mno."

Trudy alimtazama kidogo, akaendelea kula.

Jumamosi mchana Trudy alitoka. Rafiki yake tangu utotoni, Bethany Wiersma, alikuwa mjamzito, na wawili hao walikuwa wakipaka rangi chumba cha mtoto. Lois alisubiri gari lipotee kwenye kona. Akajikaza, akainua simu. Alichagua Jumamosi makusudi, maana Jumapili kwao si siku ya kuzungumza mambo ya kazi, na Jumatatu ingekuwa imechelewa.

"Mzee Zylstra, samahani kwa kukusumbua."

"Wala hunisumbui, Mama Trudy. Napiga koleo theluji hapa mlangoni, na mgongo wangu umeshaandika barua ya kustaafu. Kuna nini?"

"Ni Trudy. Naona zile dalili za mwaka ule. Halali. Hali chakula vizuri. Kitu kidogo anakiona mlima. Nakuomba, akikujia na maneno kazini, usiyatie maanani. Mchukulie. Usimfukuze tu."

Upande wa pili koleo likasikika likiegemezwa ukutani.

"Kumbe," alisema Zylstra taratibu. "Unajua, ameniomba nizuie mzigo wa Jumatatu. Nilianza kumbishia, halafu usiku nikawaza, huyu mtoto si mropokaji. Nilikuwa nimekata shauri kuuzuia."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi mbele ya Lois. Neno moja tu lilitosha. Angeweza kusema: basi uzuie, mimi ni mama tu, nina hofu zangu. Trudy alikuwa akilala kama gogo, na supu amekula mabakuli mawili. Lois alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

"Mungu akubariki kwa kumwelewa," ndilo alilosema.

"Asante kwa kuniambia. Si jambo jepesi kwa mzazi."

Jumatatu Trudy alirudi nyumbani mapema. Zylstra alikuwa amempa siku za mapumziko, kwa upole mwingi, na mtu mwingine akakubali mzigo mahali pake.

"Ameongea nami kama mtu anayembembeleza mgonjwa," Trudy alisema, amekaa ukingoni mwa kiti, koti bado mwilini. "Ameniuliza kama nalala. Mama, naonekana kama silali?"

"Mapumziko hayamdhuru mtu."

"Labda ni mimi. Labda kweli yalikuwa mapovu." Aliitazama mikono yake. "Mwaka ule pia nilikuwa na hakika na mambo ambayo hayakuwepo."

Lois alimwona mwanawe akianza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe, na jambo la kusikitisha ni kwamba moyo wake ulitulia. Alisema kimoyomoyo: afadhali. Kazi haijapotea, chozi halijadondoka. Akaingia jikoni, akakanda unga, akaoka keki ya lozi nzima, ingawa haikuwa sikukuu.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Bethany alipojifungua ghafla, mtoto akiwa hajatimiza miezi yake. Alikuwa wa kiume, wakamwita Pieter. Kwa ukubwa angetosha ndani ya kofia ya baba yake. Walimkimbiza Grand Rapids. Na Jumapili iliyofuata ndipo Geneva Pruim alipokuja na uvumi wake na malalamiko ya kahawa.

Jioni ile ya Jumapili Lois alikaa akimtazama Trudy akisoma kwenye kochi. Alifungua kinywa mara kadhaa. Akimwambia uvumi, Trudy atajua kwamba sauti haikumdanganya. Akijua hivyo, atakwenda kwa Zylstra. Akienda kwa Zylstra, simu itajulikana. Lois alijiambia: leo ni Jumapili, haya ni mambo ya kazi, tungoje kesho. Akafunga kinywa.

Kesho yake hakumwambia pia. Badala yake alipika supu, akaitia kwenye chupa ya kuhifadhi joto, akaendesha gari hadi Grand Rapids kumwona mzazi. Alijidanganya kwamba ni ziara ya huruma. Kwa kweli alikwenda kuutazama ule uvumi kwa macho yake, kwa matumaini kwamba atakuta si kweli.

Bethany alikuwa amekaa kando ya sanduku la kioo. Ndani yake Pieter alilala, kifua kikipanda na kushuka kama cha kifaranga. Juu yake, kwenye chuma, ulining'inia mfuko mdogo wa kimiminika cheupe, mrija mwembamba kama uzi ukishuka hadi mguuni mwake.

"Mama Lois, umekuja na barafu yote hii," alisema Bethany, akamkumbatia. "Kaa. Usimtazame sana, baba yake anasema ana sura ya Mzee Zylstra anapohubiriwa muda mrefu."

Lois alicheka kidogo. Macho yake hayakubanduka kwenye mfuko.

"Ndiyo yale?"

"Ndiyo yale. Chakula chake chote hicho." Bethany aligusa kioo kwa ncha ya kidole. "Muuguzi mmoja kanitia wasiwasi jana, anauliza-uliza kuhusu mfuko huu. Nikamwambia, dada, mpimaji wa maziwa haya nimesoma naye shule ya Jumapili. Trudy hawezi kupitisha kitu kibaya. Trudy alikuwa anatusahihishia hata vifungu vya kukariri."

Maneno yalipanda hadi kooni mwa Lois. Mwambie. Mwambie muuguzi autoe. Trudy hakuyapitisha haya, mimi ndiye niliyeyapitisha. Aliuona mlango wa chumba cha mwanawe. Aliusikia ufunguo ukigeuka kwa ndani.

"Maziwa haya..." alianza.

"Eh?"

"Ni meupe sana," akamalizia. "Kunywa supu, mwanangu, ingali moto."

Alirudi nyumbani akiwa amekaza usukani kwa mikono miwili. Siku iliyofuata Pieter alishindwa kupumua. Madaktari walimwingiza mrija kooni, wakamwekea mashine ya kumpumulia. Jioni hiyohiyo hospitali iliitoa mifuko yote ya kiwanda wodini, na kabla wiki haijaisha kiwanda kilisimamishwa, maofisa wa serikali wakaingia.

Walichokikuta hakikuwa kitu kikubwa, na ndiyo maana kiliuma zaidi. Maji ya visima vya mji ule yana chokaa. Kila nyumba ina birika lenye ukoko mweupe, na kila nyumba ina tangi la chumvi la kuyalainisha. Mtambo wa kiwandani wa kuyasafisha maji ulikuwa umelegea mahali, chokaa kidogo ikapenya, na chokaa ndiyo iliyovishikanisha vitone. Maji ambayo Zylstra alikorogea tone lake kule maabara yalikuwa safi kabisa, hayana chokaa hata punje. Vitone vilipoangukia humo viliachana. Aliviweka huru kwa mkono wake, kisha akaapa kwamba havikuwa vimefungwa. Hakuwa mwongo. Alifanya jinsi alivyofundishwa na jinsi walivyofanya wenzake miaka yote: maziwa huwa yanapunguzwa kwanza, basi.

Maofisa walimwita Trudy ayapime tena kwa sauti, kutoka kwenye chupa za akiba za mzigo ule. Aliyapima mazito vilevile. Sauti ilifika ng'ambo imechoka, kama alivyosema tangu mwanzo.

Zylstra alisimama mbele ya watu wote wa maabara. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Binti huyu alinionya," alisema. "Nilikata shauri kumsikiliza. Kisha nikaambiwa kwamba hali yake ya zamani imerudi, nami nikaona ni rahisi zaidi kuamini hilo kuliko kuiamini mashine. Aliyeniambia simtaji. Mashine ilikuwa yangu, na dhamana ilikuwa yangu."

Trudy hakuuliza ni nani. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kusimama nje ya mlango ule.

Lois alikuwa akimenya viazi gari lilipoingia. Trudy alisimama jikoni bila kuvua viatu, theluji ikiyeyuka sakafuni, jambo ambalo nyumba ile haikuruhusu kamwe.

"Ulimwambia mimi mgonjwa."

Kisu kilisimama. "Nilimwambia... nilisema umechoka."

"Mama."

"Nilimwambia hulali."

"Nilikuwa nalala. Nilikuwa nalala vizuri kuliko wakati wowote."

"Najua."

"Ulijua?"

Lois aliweka kiazi chini. "Nilitaka usilie, Trudy. Ni hilo tu. Sikutaka kingine chochote. Ungeacha kazi, ungerudi mle chumbani..."

"Ningelia," Trudy alisema. Sauti yake haikupanda. "Ningelia wiki moja, mbili, halafu ningetafuta kazi nyingine. Mwaka ule nililia nikapona, mama. Wewe ndiye hujapona." Alifuta uso kwa kiganja, lakini ulikuwa mkavu. "Ulikwenda kumwona Pieter. Bethany kaniambia. Ulikaa pale, mfuko unaning'inia."

"Ndiyo."

"Ukasema nini?"

Lois hakuweza kusema kwamba alisifu weupe.

Trudy alikusanya nguo zake akahamia Kalamazoo, kwenye chumba juu ya duka la baiskeli. Hakugombana na mtu. Kiwanda kilimtaka abaki, tena kwa cheo, akakataa kwa adabu. Zylstra alijiuzulu kazi na uzee wa kanisa kwa pamoja, sasa anakaa kiti cha nyuma kabisa, wa kwanza kutoka ibada ikiisha. Pieter hakufa. Alitoka hospitalini na mrija wa hewa puani, na mtungi mdogo unaomfuata kila aendako. Bethany alipouliza kama ni siku zile za mwisho za mfuko zilizomharibu mapafu, au angekuwa hivyo kwa kuzaliwa kwake tu, madaktari walisema hawawezi kujua. Lois angependa kuambiwa ndiyo. Kutojua kulimchoma zaidi, maana kulimwachia kila siku kuanza kesi upya.

Alikwenda kwa Bethany, akamweleza yote, simu na ziara. Bethany alimsikiliza hadi mwisho, mtoto begani, mtungi ukisema sss, sss. Kisha akasema, "Asante kwa supu, Mama Lois," akamfungulia mlango. Hakuna tusi ambalo lingemtoboa kama shukrani ile.

Majira ya joto Trudy alikuja kanisani Jumapili moja. Aliketi kando ya mama yake, nafasi yao ya zamani. Katika kanisa lile, mahubiri yakianza, mama hufungua mkoba na kumpa mtoto peremende moja nyeupe, na watoto huendelea kuipokea hata wakiwa na mvi. Lois alifungua mkoba. Karatasi ya peremende ikalia, watu wakageuka. Akanyoosha mkono.

Trudy aliitazama ile peremende, akaipokea, akasema "Asante, mama," kwa sauti ya chini. Kisha akaitia mfukoni mwa koti. Mahubiri yakaendelea. Lois alingoja asikie kile kijimlio cha peremende ikigonga meno, mlio aliousikia tangu mwanawe akiwa na meno ya utoto. Hakusikia kitu.

Ibada ilipokwisha, alishuka ukumbi wa chini peke yake, akasimama karibu na birika la kahawa, akalia mbele za watu. Hata Geneva Pruim aliweka kikombe chake chini.

Basi wewe mzazi, jiepushe na haya:

Usimwite mgonjwa mtu aliyekwisha pona.

Usimsemee mtoto mzima kazini kwake bila yeye kujua.

Usikitawanye kitu kwanza, ndipo ukapime kama kimeshikana.

Ukisikia uvumi unaokugusa, usingoje kesho.

Usinyamaze kando ya kitanda cha mtoto wa mwenzio kwa kuogopa chozi la mtoto wako.

Usifurahi mwanao anapoanza kuyatilia shaka macho yake.

Na chozi lake likija, liache lidondoke, mpe kitambaa, mwache aseme alichokiona. Kwani mchelea mwana kulia, hulia yeye.